Tulipopamba uwanja, mzee akapotea mlangoni kwake: ukweli kuhusu Moraa na lile fagio

Wakuu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu.

Mimi ni mama wa umri, nina wajukuu tisa, na humu huwa napita nikisoma tu. Leo naandika. Nitasema kweli, hata ile inayonishtaki mimi mwenyewe, na mtanivumilia kwa sababu shule yangu ni ile ya ngumbaru, niliingia nikiwa tayari nina watoto.

Kwanza nitaje waliokuwepo. Mwaka jana mtu aliweka uzi humu kuhusu boma letu, na huyo mtu hakuwepo, na majina aliyachanganya.

Alikuwepo mzee Ombati, mume wangu. Yeye ndiye aliyefariki.

Nilikuwepo mimi, Kerubo, mke wake.

Nyakundi, kitinda mimba wetu, ambaye tunakaa naye boma moja na kazi yake iko Kisii mjini.

Moraa, mke wa Nyakundi. Kwao ni Nyamache.

Kwamboka, binti yetu mkubwa, anayeishi Nairobi.

Makori, fundi, mtu wa Suneka.

Na Momanyi, mdogo wake mzee. Shamba lake na letu yanapakana.

Hao tu. Yule "shemeji aliyetaka shamba" wa kwenye ule uzi, hayupo. Hajawahi kuzaliwa.

Sasa nianze.

Boma letu liko upande wa Ikonge, Nyamira. Anayejua kwetu anajua mahali tambarare hakuna. Nyumba imekaa kwenye mteremko, mbele yake uwanja, na chini ya uwanja majani chai yanashuka mpaka mtoni. Pale uwanja ulipoishia tulikuwa tumepanda matete ya ng'ombe. Yalikuwa mengi, yamesongamana kama ukuta.

Jiko langu lilikuwa la udongo, na meko ya mafiga matatu. Moshi ulitoka kila mahali isipokuwa mahali pa kutokea. Macho yangu yalikuwa mekundu miaka yote, na kikohozi changu watu walikijua. Momanyi alikuwa akisema hahitaji kuuliza kama niko nyumbani, anasikiliza tu.

Kwamboka alipokuja likizo akanikuta nimeinama mlangoni nakohoa, akakasirika. Akasema mama hawezi kuishi hivi wakati watoto wapo. Akatoa simu akanionyesha picha za nyumba za watu. Uwanja umetandikwa kabro, yale matofali ya simiti, kibanda cha kupumzikia, maua kwenye vyungu, jiko safi kama hospitali.

Sitadanganya kwamba nilikataa. Nilizishika zile picha nikaziangalia mpaka simu ikazima.

Basi Makori akaitwa. Alikuja na vijana wake wakafanya kazi kweli.

Jikoni walijenga meko mpya ya kutumia kuni kidogo, yenye bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Mzigo wa kuni niliokuwa nikimaliza kwa siku mbili sasa unanitosha wiki. Macho yangu yalikauka. Nyumba kubwa iliwekwa dari na zile nafasi chini ya mabati zikazibwa, na ile baridi ya huku ya kuingia mtu kwenye mifupa ikabaki nje. Juu ya mabati sola.

Halafu uwanja. Makori alisema uwanja ni mdogo, lakini unaweza kupanuliwa upande wa chini. Matete yakang'olewa. Ukajengwa ukuta wa mawe kutoka kule chini kwenye majani chai, wakajaza udongo, wakashindilia, wakatandika kabro juu mpaka mwisho kabisa. Ukisimama chini ya ule ukuta ukanyoosha mkono, hufiki juu.

Pale ukingoni palitakiwa vyuma vya kuzuia mtu. Makori alisema vinachomelewa Suneka, ataleta baada ya wiki mbili. Mvua ikaanza, barabara ikaharibika, akapiga simu kuomba wiki nyingine. Kwamboka akasema haina shida, hapa hakuna mtoto mdogo.

Kweli mtoto mdogo hakuwepo.

Sasa wakuu, hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote.

Mzee Ombati alikuwa kipofu.

Sisemi macho yalikuwa dhaifu. Watoto walijua ni dhaifu, na kanisa lilijua. Nasema alikuwa haoni kabisa, mwaka wa tatu ukienda. Daktari aliyemwona alisema ni presha ya macho na kwamba tulichelewa. Tulipotoka pale tukasimama chini ya paa la duka la mtu tukisubiri mvua ipungue, akaniambia, "Kerubo, hili ni langu na lako. Siku watu watakaponishika mkono kunivusha kama mbuzi, siku hiyo nihesabuni nimekufa."

Nikakubali. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu wa kusomea watu neno. Nikamsaidia kuficha.

Mnauliza aliwezaje kusoma. Ijumaa mchana nilikuwa namsomea fungu polepole, kwa shule yangu ile ya ngumbaru, nikikwama kwenye maneno marefu. Yeye anarudia mara tatu, limeingia. Sabato anasimama mbele, anafungua Biblia mahali nilipoweka uzi mwekundu, anasoma. Anafungua kurasa kwa wakati wake. Hata miwani alivaa.

Na nyumbani je?

Nyumbani alikuwa na njia zake, na mimi nilizijua zote kwa sababu nilimtazama akizitengeneza.

Kutoka mlangoni alikuwa anashika waya wa kuanika nguo. Ule waya ulitoka kwenye nguzo ya jikoni ukavuka uwanja mpaka karibu na choo. Alipitisha mkono juu yake kama mtu anayepapasa tu nguo kuona kama zimekauka. Watu walimcheka kwamba mzee anapenda nguo kavu.

Jiko alilijua kwa moshi. Popote alipokuwa uwanjani, akisikia moshi uko upande gani, alijua nyumba iko upande gani.

Nyasi, matope, changarawe, kila mahali palikuwa na sauti yake chini ya kiatu. Na matete yalikuwa mwisho. Akiguswa uso na matete, anageuka.

Sasa ninyi wenye akili mmeshaona. Mimi sikuona. Au niseme kweli niliyoahidi: niliona, nikanyamaza.

Siku waliyotoa ule waya nilikuwa nimekaa kwenye kiti nachambua mboga. Kwamboka alisimama katikati ya uwanja akasema waya unaharibu sura, nguo zitaanikwa nyuma ya nyumba.

Moraa alikuwa anapita na beseni. Akasimama.

"Dada, huo waya uacheni tu."

Kwamboka akamwuliza kwa nini. Moraa akaangalia chini, akasema nguo hukauka vizuri pale.

"Sema unaogopa kuzunguka nyumba na beseni," Kwamboka akamtania, na Makori akacheka, na vijana wake wakacheka.

Moraa hakucheka. Akanigeukia.

"Mama, sema wewe."

Wakuu, hapo ndipo nilijua kwamba Moraa anajua. Hajawahi kuambiwa. Alikuwa ameona mwenyewe. Nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu blanketi nzito alikuwa anaanika juu ya ua wa zizi, na kwenye waya anaweka nguo nyepesi tu, na katikati anaacha nafasi. Alikuwa akimwachia mzee mahali pa kupitisha mkono.

Niliogopa. Niliogopa kwamba akiongeza neno moja siri ya mzee itatoka mbele ya mafundi.

Nikasema, "Toeni."

Moraa akainua beseni lake akaenda.

Kazi ilipoisha, asubuhi ya kwanza mzee alitoka mlangoni na fimbo. Akagonga kabro mbele. Akagonga kulia. Akagonga kushoto. Kote mlio mmoja. Akanusa hewa, na hewa ilikuwa safi, haina chochote. Nikasimama kando yake nikingoja aseme neno, maana nilidhani atasifu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kerubo, hapa ni kwa nani?"

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama, nikaona anapapasa hewani akitafuta waya.

Kwa siku nyingi hakutembea tena peke yake. Nilimtoa asubuhi kabla watu hawajaamka, akakaa kwenye kile kibanda kipya, akashinda hapo. Watu wakipita wanamwona amekaa kwenye kiti cha simiti, maua kando, wanasema mzee anafaidi jasho la watoto. Kwamboka alimpiga picha akatuma kwa jamaa wote. Ile picha ndiyo iliyowekwa kwenye tangazo la mazishi.

Nilimwambia tuwaambie watoto. Alikataa. Nikamwambia basi tuseme tunataka waya wetu. Akasema ukidai waya watauliza wa nini.

Tukaanza kuhesabu hatua. Alfajiri mimi na yeye, kama watu wanaonyoosha miguu. Kutoka kibandani mpaka choo, hatua thelathini na nane, halafu ageuke kushoto. Alishika vizuri. Alikuwa na kichwa cha kushika mambo.

Nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, karibu saa nne asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Nilikuwa nimepeleka majani chai kituoni. Nyakundi alikuwa kazini Kisii. Nyumbani alibaki mzee kibandani na Moraa anafagia maji ya mvua kwenye kabro.

Yanayofuata niliambiwa na Moraa siku ile ile, kabla machozi hayajakauka, na sijawahi kupata sababu ya kutomwamini.

Mzee alisimama akaanza kwenda chooni. Moraa alimwona akihesabu, midomo inacheza. Momanyi akawa anapita kwenye njia ya juu, akamsalimu kaka yake kwa sauti. Mzee akasimama, akageuka upande wa sauti, akajibu. Wakaulizana habari za ng'ombe. Momanyi akaendelea na safari yake.

Mzee akaanza kutembea tena. Hesabu ilikuwa imepotea na upande ulikuwa umepotea. Alikuwa anaelekea ukingoni.

Momanyi, ukisoma hapa, sikulaumu. Ulimsalimu kaka yako. Hukujua.

Moraa akamwita, "Tata, simama." Tata kwetu ni baba. Alisimama. Akageukia sauti, ukingo ukawa mgongoni kwake, amebakiza hatua mbili. Akauliza, "Niko wapi?" Moraa akamwambia asisogee hata kidogo, anakuja.

Akakimbia mpaka alipokuwa. Na hapo, wakuu, akasita.

Ambao si Abagusii niwaeleze. Kuna heshima tunaita chinsoni. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Hata salamu ya mkono hampi. Akimletea chakula anaweka mezani, mzee achukue mwenyewe. Si chuki, ni heshima, na msichana aliyelelewa vizuri ameingia nayo kwenye damu. Moraa alilelewa vizuri. Mimi mwenyewe nilimsifu kwa hilo kwa majirani.

Mkononi alikuwa na lile fagio la mti mrefu. Akaona njia: amnyooshee mti wa fagio, mzee ashike, amvute taratibu mpaka mahali salama bila kumgusa. Akamwambia, "Tata, shika mti huu," akausogeza.

Ule mti ulikuwa umelowa na baridi. Ukamgusa kifuani badala ya mkononi.

Mzee akashtuka, akarudi nyuma. Hatua moja, ya pili.

Mimi nilirudi nikakuta kimya. Nikaona fagio limelala peke yake ukingoni. Nikashuka kwa njia ya pembeni mpaka kwenye majani chai, nikamkuta Moraa amekaa chini, kichwa cha mzee kiko mapajani mwake, mikono yake miwili imekishika. Sasa alikuwa amemgusa.

Mzee alikuwa bado na pumzi kidogo. Gari lilipopatikana alikuwa ameshaenda.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa zaidi.

Kwetu kabla ya maziko familia hukaa, na mtu wa karibu hueleza marehemu ameondokaje, ili kusiwe na maneno baadaye. Tulikaa uwanjani, juu ya ile kabro. Momanyi ndiye aliyeuliza, na swali lilikuwa la haki: kaka yake amepita uwanja ule miaka yote, ameangukaje mchana kweupe?

Nikasimama. Pale mbele walikuwepo wazee wa kanisa. Muda mfupi nyuma mmoja alikuwa ametoka kusema kwamba hajaona msomaji wa neno kama Ombati, macho dhaifu yale lakini hakuwahi kuruka mstari. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimejifunika lile neno kama shuka.

Nikasema: "Alikuwa anaenda ukingoni. Moraa akamnyooshea fagio. Likamgusa, akarudi nyuma, akaanguka."

Kila neno ni kweli. Angalieni nilichoacha.

Momanyi akauliza, "Fagio la nini? Si angemwambia tu mbele ni ukingo, aone?"

Moraa alikuwa amekaa na wanawake upande wa jikoni. Aliinua kichwa akanitazama. Mke wa mwana hasimami kwenye kikao kama kile kusema baba mkwe alikuwa kipofu wakati mama mkwe yuko. Hilo neno lilikuwa langu mimi kulisema. Alinisubiri.

Mimi nikakaa chini.

Nyuma mtu akasema, "Kumbe siku hizi mzee anafukuzwa na fagio kama kuku." Sikuona ni nani, na sitataja nisiyemwona.

Neno lile likatembea. Mpaka jioni ilikuwa Moraa alimpiga mzee. Kesho yake alimsukuma. Wiki iliyofuata alimsukuma kwa sababu ya shamba.

Nyakundi alinifuata jikoni tukiwa wawili. Akaniuliza, "Mama, alimsukuma?"

Nikamjibu, "Mimi sikuwepo."

Nawaandikia haya mkono ukiwa mzito. Mtoto wangu aliniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo, nikampa lile.

Moraa aliondoka siku ya nne baada ya maziko. Alifagia nyumba yake, akafunga nguo zake, akaniaga. Nyakundi hakumsindikiza. Alisimama karibu na zizi akiangalia ng'ombe kama mtu anayemnunua.

Halafu huo uzi ukaja humu. Niliusoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa miwani ya mzee. Nikasoma na maoni. Kuna mmoja aliandika naye huyo mwanamke atupwe kutoka kule kule. Kuna aliyeandika wanawake wa Nyamache wote ni hivyo. Sijui kama mlioandika mnakumbuka. Mimi nakumbuka majina yenu yote ya humu, lakini sitayataja, maana wengine wenu ni majirani mliokula chakula nilichopika mimi.

Niliugua baada ya hapo. Kikohozi hakuna, macho hayana shida, jiko ni safi, nyumba ina joto. Nilikaa mle ndani kwenye joto lile nikashindwa kula.

Ndipo nikaenda Nyamache.

Mama yake Moraa, Bochaberi, alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili. Alinipa kiti, akaniletea uji, akaketi. Moraa akaitwa. Amekonda. Nikasema yote mbele ya mama yake: upofu, Biblia, waya, ile "toeni" yangu, kikao. Nikamwomba msamaha. Nililia mpaka uji ukapoa.

Moraa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, bila kupandisha sauti:

"Mama, hayo yote mimi nayajua. Kawaambie wasiojua."

Akatoka akaenda kuendelea na kazi yake.

Nilipanda gari kurudi nikiwa nimekasirika kidogo, nisiwafiche. Nilitaka asamehe, au atukane. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa kwamba kulia mbele yake kulinisaidia mimi. Yeye bado alikuwa muuaji Ikonge nzima.

Nikaanza na Nyakundi. Nilimwambia tukiwa tumekaa kwenye kile kibanda. Alinisikiliza akiwa ameweka viganja juu ya magoti. Hakuniuliza chochote kuhusu baba yake. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo nilipomwuliza Moraa kwa nini alichukua fagio akanyamaza, alikuwa anakungoja wewe?"

Nikasema ndiyo.

Hajanisemesha vizuri mpaka leo. Ananinunulia dawa, ananiletea kuni. Kunisemesha, hapana.

Kwamboka nilimpigia simu. Alipiga kelele moja tu, halafu akakata. Alipopiga tena aliniuliza kwa nini sikumwambia kuhusu waya. Akasema angetandika kabro kuzunguka huo waya, angepanda hata matete mengine. Nilijua anasema kweli, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi.

Sabato iliyofuata niliomba nafasi kanisani. Nikasimama pale aliposimama mzee miaka yote, nikasema alikuwa haoni, na nani alikuwa akimsomea, na Moraa alifanya nini na fagio na kwa nini.

Wengine walinishika mkono. Wengine hawakuamini, wanasema nimezeeka, au kwamba watu wa Nyamache wamenifanyia kitu. Momanyi alinikuta njiani akaniambia nimemzika kaka yake mara ya pili, na sasa bila heshima. Labda ni kweli. Lakini Ombati amekufa na Moraa yuko hai, na mmoja wao lazima abebe hili. Nimechagua.

Nyakundi ameenda Nyamache mara mbili. Mara ya kwanza hakuonana naye. Mara ya pili Moraa alimpa chai, akakaa naye, hawakuongea la maana. Moraa hajarudi. Simlazimishi, na nyinyi msiniambie nitume wazee. Watu wa kwenda kumtoa kule wanatakiwa kwanza wawe wameacha kumwita jina lile.

Nimejifunza nini?

Wanaotaka kutengeneza nyumbani kwa wazazi, tengenezeni. Siwakatazi. Moshi ulikuwa unaniua na baridi ilikuwa inamaliza mifupa yetu. Lakini kabla hujang'oa kitu, hata kamba, hata jiwe lisilo na kazi, kaa na mzee wako siku nzima umtazame anavyotembea. Tazama mikono yake inashika nini. Vyuma vya ukingoni viwekwe kabla ya maua. Na ukiona mke wa nyumba ile amesema "uacheni" halafu hana sababu nzuri, mwulize tena mkiwa wawili.

Na nyinyi akina mama wenzangu mnaowafichia waume udhaifu wao: siri ya watu wawili inaweza kumwangukia mtu wa tatu.

Nimemaliza. Karibuni mseme mnachotaka, nitasoma yote, hata matusi, lakini yaje kwangu.

Waliokuwepo siku ile ya kikao, kama nimekosea jina, au nani alikaa upande gani, au nani alianza kuuliza, nirekebisheni hapa hapa mbele ya watu. Umri umeenda, na sikuandika popote siku ile.

Najua pia Moraa anasoma humu. Kwenye yale aliyoniambia siku ya Jumatano, kama kuna neno lake nimelipunguza tena, naomba anisahihishe yeye kwanza.